Matanga Ghorofa ya Pili, Harusi Ghorofa ya Tano

Shida ilinianza mwaka 1970, nikiwa na miaka tisa. Troli la mkonge lilimwangukia baba shambani, upande wa Muheza, na haukupita muda mama akarudi kwao na mtoto wa mgongoni, akatuacha mimi na kaka yangu kwa baba mdogo. Nilikuwa darasa la tatu. Darasa la nne sikuliona. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne, akaingia kwenye mkonge kukata, na kila jioni mimi ndiye niliyemtoa miiba mikononi kwa sindano. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Nilipovunja ungo baba mdogo aliniletea mume, mtu mzima mwenye meno ya kuhesabu. Kaka akasimama mlangoni na kisu cha mkonge, hakupiga kelele, akasema, "Huyu hatoki humu." Wakamwita mtovu wa adabu. Yule mume akaondoka na watu wake. Kwa sababu mtu mmoja alisimama mlangoni, mimi nikaenda Tanga mjini kukaanga mihogo, nikaenda Dar kuuza viatu vya mitumba, nikaenda Dubai, na mwisho nikafika Guangzhou, China. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyekufa.

Guangzhou nimekaa miaka mingi kuliko nilivyokaa Dar. Mwanzo nilikaa mtaa wa Xiaobei kama Waafrika wote, chumba kimoja tumo wanne, mabegi mpaka kitandani. Xiaobei unasikia Kiswahili kuanzia ngazini mpaka dukani, unakula wali wa nazi, hujui kama umesafiri. Lakini kodi inapanda, na kelele haziishi, na polisi wanapita kukagua karatasi kila wanapojisikia. Nikajiambia, mimi ni mtu mzima, mzigo wangu wa viatu vya watoto na madaftari sasa naununua kwa simu, wenye maduka ya jumla wa mtaa wa Yide Lu wananijua sauti. Nitaendelea kubanwa hapa kwa lipi?

Nikahamia Panyu, pembezoni. Huko ni kama mji mdogo uliomezwa na mji mkubwa. Zamani palikuwa kijiji, na wenyeji ndio wenye majengo mpaka leo. Kodi ilikuwa chini ya nusu ya Xiaobei. Asubuhi wazee wanatembeza ndege zao kwenye vitundu, jioni kina mama wanacheza ngoma ya kujinyoosha uwanjani. Sokoni kuna mboga inafanana na mchicha, na muuza samaki anaujua mkono wangu, ananitolea magamba bila kuambiwa. Muislamu wa kule kaskazini ana duka la tambi na nyama ya kondoo karibu na kituo cha treni, kwa hiyo nyama ya halali sikuhangaika. Mweusi nilikuwa peke yangu. Watoto walinishangaa wiki za kwanza, kisha wakanizoea.

Jengo letu lilikuwa la ghorofa tano, halina lifti, ngazi moja nyembamba katikati. Mimi ghorofa ya pili. Mwenye nyumba na mumewe na mtoto wao wa kiume ghorofa ya tano, juu kabisa. Kila anayepanda kwao lazima apite mbele ya mlango wangu, kwenye kibaraza kile kidogo ngazi zinapogeukia. Hilo lishikeni.

Mama mwenye nyumba tuliheshimiana. Ni mwanamke mfupi, sauti kubwa, alilima mpunga hapo hapo kabla ardhi haijawa majengo. Aliniita Dajie, yaani dada mkubwa, na mimi nilimwita hivyo hivyo, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekubali kuwa mdogo. Mtoto wake alikuwa anakaribia arobaini hajaoa. Mchumba wa kwanza alivunja maneno watu wameshaalikwa, na mama yule aliibeba aibu ile sokoni miaka. Sasa amepatikana mwingine. Nililetewa kadi nyekundu na boksi la peremende. Nilikuwa nimeshamnunulia bibi harusi seti ya vikombe.

Kisha kaka yangu akafa.

Simu ilikuja karibu na saa sita mchana, kwetu bado asubuhi, mtoto wake wa kwanza, akasema, "Shangazi, kaa chini." Mtu akikwambia kaa chini, umeshajua. Nilibaki nimesimama.

"Amefariki?"

"Amefariki, shangazi. Baada ya alfajiri. Tunazika leo leo baada ya adhuhuri. Unaweza kuja hata kwa hitima?"

Sikuweza. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji, nimepeleka kuongeza kibali cha ukaazi. Wanaichukua, wanakupa karatasi yenye picha yako, na kwa karatasi ile unaweza kupanda treni ya ndani lakini huwezi kutoka nchini. Na kwa umri wangu kibali si jambo la kupewa ukicheka. Umri wangu umepita ule wanaoutaka. Mwaka ule walikuwa wameniuliza maswali mengi kuliko miaka yote, na jibu langu kubwa lilikuwa moja: nina kampuni, ninalipa kodi, nina makazi yanayojulikana. Makazi yenyewe ni chumba kile cha Panyu, kilichoandikishwa kituo cha polisi kwa jina langu na la mwenye nyumba. Chumba kikiondoka kabla pasipoti haijarudi, na kibali kinaondoka. Kibali kikiondoka narudi nyumbani mikono mitupu uzeeni, biashara ya miaka yote nimwachie nani?

Kwa hiyo nilimwona kaka anateremshwa kaburini kwa simu, picha inakatika katika, naona udongo, naona miguu ya watu.

Habari ilifika Xiaobei kabla sijamaliza kunawa uso. Sisi ndivyo tulivyo. Hakuna anayeacha mwenzake alie peke yake. Kufika jioni wakaja na treni, wanawake na wanaume, wa Dar, wa Tanga, Wazanzibari, wamebeba mchele, mikeka, sufuria. Hawakuniuliza. Wakatoa kochi langu, kabati la vyombo na meza, wakaviweka nje kwenye kibaraza, kama tunavyofanya kwetu, nyumba ya msiba haina viti. Wakatandika mikeka. Wanawake tukakaa ndani. Mmoja akawasha ubani. Na wanaume?

Kwetu wanaume wa msiba wanakaa nje. Uani, barazani, chini ya turubai. Panyu hakuna uani. Wakaangalia kushoto, kulia, wakakaa kwenye ngazi. Wamevaa kanzu nyeupe na kofia, wamejipanga kuanzia mlango wangu mpaka karibu na ghorofa ya tatu, wanazungumza taratibu, wanavuta uradi, wengine wanaongelea bei ya kontena.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa. Kwetu sisi ile ilikuwa heshima tupu.

Shangazi yake bwana harusi ndiye aliyetangulia kupanda. Alibeba magodoro mepesi mekundu ya kitanda cha maharusi, yamefungwa utepe. Akafika kwenye ngazi, akakuta wanaume wamevaa nyeupe, fanicha iko nje, moshi unatoka mlangoni, wanawake wanalia. Nyeupe kwao ndiyo nguo ya maiti na wafiwa. Vyombo vikitolewa nje, ni vya marehemu vinaenda kutupwa. Nilimwona kutoka mlangoni. Alikumbatia yale magodoro kama mtu anayeficha mtoto, akageuka, akateremka mbio.

Hazikupita dakika nyingi mama mwenye nyumba akashuka. Aliishia ngazi ya juu ya kibaraza changu, hakukanyaga chini.

"Dajie! Nani amekufa?"

"Kaka yangu."

"Amefia wapi?"

"Kwetu, Afrika. Ameshazikwa."

"Humu ndani hajafa mtu?"

"Hajafa mtu."

Akashusha pumzi. Kisha akawatazama wale wanaume, mmoja mmoja, mpaka wakaanza kujikunjakunja.

"Kama amefia Afrika," akasema, "kwa nini kifo chake kimekaa kwenye ngazi zangu?"

Nikamweleza kwa Kichina changu cha sokoni, na Kichina cha sokoni kinatosha kwa kila kitu isipokuwa msiba. Nikamwambia, siku tatu. Ndiyo desturi. Siku ya tatu asubuhi tunasoma, tunakula, tunaanua matanga, watu wanaondoka.

"Siku ya tatu asubuhi," akasema, "bibi harusi wa mwanangu anapanda hapa. Saa nne. Saa imetazamiwa na mtaalamu, haisogei. Wewe sogeza yako."

"Yangu nayo haisogei."

"Dajie. Mfiwa kwetu haingii hata nyumba ya jirani. Anakaa mbali na watu, asiwapelekee mkosi. Wewe umewaita watu ndani ya jengo langu, wiki ya harusi. Wasiwepo kesho. Wakiwepo, nakwenda kituo cha polisi, nafuta jina lako. Tafuta nyumba nyingine."

Akapanda. Nilisikia mlango wa juu unapigwa.

Siku ya pili watu walikuja wachache. Nilijua tu. Neno polisi lilikuwa limefika Xiaobei. Wengine wetu karatasi zao si nzuri, na wenye nzuri nao hawapendi kuzitoa. Waliokuja walikaa wakisikiliza ngazini kuliko walivyokuwa wakisoma. Kila hatua ikipanda, msomaji anapunguza sauti.

Mzee mmoja wa Unguja, ndiye anayetusalisha na kutusomea, akaniita mlangoni.

"Bi mkubwa, mimi naona tuanue leo. Alasiri tusome, tule, basi. Dini haikukufungia saa. Maiti ameshazikwa, dua inafika hata ukiomba ukiwa kwenye treni."

"Sheikh, unaogopa?"

"Naogopa, kwa nini nisiogope? Wewe huogopi?"

"Mimi nimekaa nchi hii kabla yako."

"Ndiyo maana ungetakiwa uogope zaidi."

Alikuwapo kijana mmoja, mtu wa mizigo ya ndege, anayejiona ana akili, akadakia, "Shangazi, hii ni nchi ya watu. Hapa hata mwenyewe akifa wanamchoma fasta, kesho wako kazini. Tusilete uswahili."

Nikamgeukia. "Rudia."

"Nimesema tu, shangazi."

"Uswahili ndio uliokupa mahali pa kulala ulipofika hapa na kibegi kimoja, ukanililia huna mtu. Nilikwambia hii ni nchi ya watu?"

Akaniomba radhi. Lakini alasiri alikuwa hayupo, na wenzake hawakuwapo. Ngazi zilibaki na wazee watatu na yule sheikh. Sheikh aliogopa na akabaki. Huyo namwita mwanamume.

Upande wa wanawake walibaki wachache, akaongezeka mama mmoja wa Lubumbashi, Mkatoliki, ana ofisi kwenye jengo la Tianxiu, ananunua vitambaa na taa. Amesoma Kifaransa mpaka chuo na tumekula pamoja miaka. Alifika mchana huo na kilemba cheusi, akatazama huku na huku, akaniita yaya, yaani dada kwao.

"Yaya, hii ni matanga gani ya kusema polepole? Kwetu bantu banalia mpaka voisin anafunga dirisha."

"Hapa jirani anafunga nyumba nzima, mama."

"Nani? Ule wa juu? Acha nipande, nimuelezee."

"Kaa chini. Utaniongezea msiba."

Wanawake wakacheka kidogo, midomo imezibwa na khanga. Kisha tukasikia wanaume wanapanda, hatua nzito. Ni mume wa mwenye nyumba na wapwa zake. Wakakamata kochi langu lililokuwa kwenye kibaraza wakaanza kuliteremsha. Sheikh akasimama mbele yao na kanzu yake. Mpwa mmoja akamsukuma begani, si kwa nguvu, lakini alimsukuma mzee. Wazee wote wakainuka. Nikaona mkono wa mmoja umekunjwa ngumi.

Nikatoka. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu soko la Ilala: "Kaeni chini!" Wetu wakakaa. Na wale wapwa, wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, nao wakaliacha kochi. Nikamwambia mume kwa lugha yake, "Ningojee hapa. Usiguse kitu. Nakwenda kusema na mkeo."

Nikaanza kupanda. Nilikuwa nimejifunga khanga mbili, miguu mitupu. Ghorofa ya tatu palikuwa na zile karatasi nyekundu zenye herufi yao ya furaha, imebandikwa kila mlango. Nilipofika ghorofa ya nne nikasikia sauti kutoka juu, kali, kama ya mtu anayemkemea mtoto asikanyage moto.

"Simama! Usipande! Dajie, nakuomba, usipande!"

Nikasimama. Mimi mtu wa kuambiwa simama? Lakini ile nakuomba ilinishika mguu. Nikainua uso nikamwona ameegemea kikingo cha ngazi, mikono imejaa unga, anatengeneza vitu vya harusi, na uso wake hauna hasira hata kidogo. Alikuwa anaogopa. Aliniogopa mimi, mwanamke mwenye miguu mitupu.

"Sipandi," nikasema. "Nasemea hapa."

Tukasemezana hivyo, yeye juu mimi chini, ghorofa nzima katikati yetu.

"Nimekuwa mpangaji mbaya?" nikamuuliza.

"Hujawa mbaya. Kelele huna. Unasafisha ngazi ambazo si zako."

"Basi sikiliza. Yule ni kaka yangu, ndiye aliyenilea. Hayupo mwingine. Sikuweza kumzika kwa sababu serikali yenu imeshika pasipoti. Nikikatisha matanga yake kwa sababu ya woga, mimi si mtu tena."

"Na mimi nina mtoto mmoja," akasema. "Bibi harusi huyu akiona kifo mlangoni akarudi nyuma, mama yake anamchukua, imekwisha. Mara ya pili. Nitaishije hapa? Watu hawa wananijua tangu nikiwa na jembe."

Chini nilisikia mtu anakohoa.

"Wanaume wangu wataingia ndani," nikasema. "Fanicha itaingia ndani. Mlango utafungwa kabla ya saa nne, hautafunguliwa mpaka mmeshakunywa chai yenu ya kuamkia wakwe. Hutasikia sauti. Lakini tunasoma."

"Na kitambaa chekundu juu ya mlango, kuzuia mkosi."

"Hapana."

"Lazima. Bila kitambaa hapiti."

"Msiba wa kaka yangu hauvalishwi nguo ya harusi."

"Basi ondoka leo, Dajie. Nakwenda polisi sasa hivi, na unga huu huu mikononi."

Na alikuwa anakwenda kweli, nilimwona anajifuta. Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri kwenye mzigo wowote. Kibali. Ofisi. Maswali yao. Na kaka, jana tu kafunikwa udongo.

"Mlango una pande mbili," nikamwambia. "Wa nje ni wako, umejenga wewe. Wa ndani ni wangu, ninaulipia. Upande wako fanya unavyotaka. Utakitundika mwenyewe kwa mkono wako, mimi nikiwa nimeshafunga. Sitakigusa wala sitakiona."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaingia ndani.

Asubuhi ya siku ya tatu tuliingiza kila kitu. Kochi likasimamishwa wima chooni. Wanaume na wanawake chumba kimoja, jambo ambalo kwetu halifanyiki kwenye hitima, tukatundika shuka langu la kitanda katikati, wanaume upande wa dirisha, sisi upande wa jiko. Baadhi ya waliokimbia walirudi, na yule wa mizigo ya ndege alirudi, hanitazami. Nikampa nafasi kwenye mkeka. Ubani hatukuwasha. Tukafunga mlango kwa ufunguo. Baadaye kidogo tukasikia msumari unagongwa nje, polepole, kama anayegonga hataki kuamsha mtu.

Tukagawana juzuu. Kila mtu akasoma yake kwa midomo tu. Chumba kizima midomo inacheza, hakuna sauti. Joto. Jasho linateremka. Mama wa Lubumbashi ameshika rozari yake, naye midomo inacheza.

Chini zikaanza kelele. Zile fataki za karatasi zinazopasuka, vicheko, mtu anapiga sahani ya shaba. Wanapanda. Ghorofa ya kwanza. Viatu vya kisigino kirefu vinagonga sementi, tak, tak. Sauti ya mwanamke mzee inaimba maneno ya heri, kila ngazi na neno lake.

Kisha vile visigino vikasimama. Nje ya mlango wetu.

Kelele zikapungua, zikaisha. Sijui kama mmewahi kusikia watu wa harusi wanavyonyamaza. Nikamtazama sheikh kupitia pembe ya shuka, naye akanitazama, macho yamemtoka. Nini? Tumefanya nini? Sauti hatukutoa. Na hapo mama wa Lubumbashi akanishika mkono, akaelekeza kidole kwenye miguu yetu.

Viatu. Tulikuwa tumeingiza kochi, kabati, meza, mikeka na wanaume. Viatu vyote tumeviacha nje. Hakuna Mswahili anayeingia kwenye hitima na viatu, mtu anavua mlangoni bila kufikiri, kama anavyopumua. Nje ya mlango wenye kitambaa chekundu, ndani kimya kama kaburi, kulikuwa na rundo la viatu vya watu wazima, vya kiume na vya kike, vimejaa kibaraza chote. Bibi harusi hana pa kukanyaga.

Mtu mmoja nje akasema neno. Mwingine akajibu. Sauti ya kike, kijana, ikauliza kitu, inatetemeka. Nikasikia hatima ya jengo zima ikining'inia kwenye sauti ile: mtoto wao, mama yule na jembe lake, kibali changu, miaka yangu. Kifuani kilio kilikuwa kimenijaa, kile ambacho siku zote tatu nimekilia nusu nusu, na sasa kilitaka kutoka hapo hapo. Nikajitia khanga mdomoni, nikauma. Nikaendelea kusoma kwa macho. Aya moja nilisoma mara nyingi, siiachi, naogopa nikiiacha nitapiga ukelele.

Kisha nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba. Aliongea kwa lugha yao ya kijijini, sikuielewa, lakini aliongea kwa furaha kubwa, ile furaha ya kulazimisha, kama muuzaji anayekwambia kasoro ya mzigo ndiyo uzuri wake. Watu wakacheka, kwa wasiwasi kwanza. Kisha nikasikia viatu vinasogezwa, vinarushwa, vinaporomoka kwenye ngazi kwenda chini, tap, tap, tap. Sahani ya shaba ikapigwa. Visigino vikaanza tena. Ghorofa ya tatu. Ya nne. Juu wakapiga mayowe ya furaha, na mlango ukafungwa.

Sheikh akainua mikono, tukaomba dua ya kuhitimisha, kwa midomo. Tukala wali baridi. Tukakunja mikeka, matanga ya kaka yangu yakawa yameanuliwa, sawasawa, siku yake na saa yake.

Viatu tulivikuta chini, vyote, pembeni ya mapipa ya taka, vimechanganyika. Wanaume wameteremka na soksi. Yule sheikh alipata ndara moja ya kwake na moja ya mtu mwingine, akasimama anazitazama, na mimi ndipo nikalia. Kwa sauti yote. Hapo nje, barabarani, mama wa Lubumbashi akinisaidia kama alivyotaka tangu mwanzo. Wazee wenye ndege walisimama kutuangalia.

Baada ya siku mbili mama mwenye nyumba alishuka. Safari hii alikanyaga kibaraza, akaja mpaka mlangoni. Akanipa peremende moja iliyofungwa karatasi nyekundu.

"Uile hapa hapa, usiweke."

Nikaila. Kwao tamu hiyo inamaliza uchungu, mfiwa na waliomkaribia wanaila.

"Uliwaambia nini kuhusu vile viatu?" nikamuuliza.

"Niliwaambia kuna wageni wengi mno wamekuja kumtakia bibi harusi heri, wamejaa mpaka nyumba ya mpangaji." Hakucheka. "Dajie, mwezi ukiisha uhame. Mkwe wangu anajua sasa. Anapita mlango huu anashika ukuta wa pili."

"Pasipoti yangu?"

"Mpaka irudi. Siendi polisi kabla."

Na hakwenda. Pasipoti ilirudi na kibali ndani yake, nikampelekea nione atasema nini. Aliipekua kurasa zote, akanirudishia, akasema picha yangu ni mbaya. Nikahama. Vile vikombe nilimwachia mlangoni kwake mwenyewe, na yeye hakuvikataa.

Kutafuta nyumba nyingine nilikuwa na maneno yangu mapya. Kabla ya kuuliza kodi namwambia mwenye nyumba: mimi ni mtu mzima, nina ndugu wengi, watakufa. Wakifa nitalia humu ndani siku tatu na watu wangu watakuja. Unataka mpangaji huyu? Wengi walifunga mlango. Dalali alinigombeza, akasema ninaharibu biashara, nani anauliza vitu kama hivyo. Nikamwambia ninauliza mimi. Mwisho akatokea mzee mjane, upande ule ule wa Panyu, mwenye nyumba ya chini yenye kiwanja kidogo cha sementi mbele. Alifikiri kidogo, akauliza, "Na mimi nikifa, utalia?" Nikamwambia inategemea na kodi. Akanipa ufunguo.

Na kwa sababu mtu mmoja alisimama mlangoni, leo ninamiliki hivi. Kampuni moja ndogo Guangzhou, yenye mhuri wake. Stoo ya kukodi karibu na Yide Lu. Duka la viatu vya watoto Kariakoo, na lingine Tanga, barabara ya kumi na mbili. Nyumba ya vyumba vitano Tanga, bati la bluu, kisima kinatoa maji. Shamba la minazi Pangani. Gari moja la mizigo, bovu kwa sasa. Mashine ya kushonea. Jokofu. Baiskeli ya umeme ninayokwendea sokoni. Kibali cha ukaazi cha mwaka mmoja.